Presha ya Mjamzito Tusiisingizie Mawazo

Mjamzito akipimwa presha ikakutwa juu, maswali huwa yale yale: una mawazo gani? Unakula chumvi nyingi? Yananiudhi kweli, maana yanambebesha mama lawama ya jambo linaloendeshwa na kemikali ndani ya mishipa yake.

Mimba ikienda vizuri, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu, na bado presha hushuka kidogo miezi ya katikati. Siri iko kwenye seli za ukuta wa ndani wa mshipa. Hutoa nitriki oksaidi na prostasaiklini, na misuli ya mshipa hulegea. Zipo pia kemikali za kuubana: endothelini, thromboksani na angiotensini. Hii ya mwisho huzidi kuwa nyingi wakati wa ujauzito, lakini mishipa ya mjamzito mwenye afya huwa kama haiisikii. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1973 uliwafuatilia wanawake wenye mimba ya kwanza. Waliokuja kupata presha, mishipa yao ilianza kuitikia angiotensini wiki kadhaa kabla kipimo hakijapanda. Wiki kadhaa! Mama alikuwa hajisikii lolote.

Mara nyingi chanzo ni kondo la nyuma. Likikosa damu ya kutosha, humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa vichocheo vinavyozitunza zile seli za ukuta. Nitriki oksaidi hupungua, endothelini hupanda, mishipa hubana. Figo huanza kuvujisha protini kwenye mkojo, kichwa huuma, macho huona vimulimuli, na asipowahiwa anaweza kuingia kwenye kifafa cha mimba. Hapo chumvi na mawazo vimeingiaje?

Aspirini ya dozi ndogo hupunguza thromboksani na kuiacha prostasaiklini ikiendelea na kazi yake. Kwa mama aliye kwenye hatari kubwa, daktari huiagiza mapema, kabla ya wiki ya 20. Ndiyo maana nataka hudhurio la kwanza kliniki liwe na maswali mengine: mimba iliyopita ulipata presha? Mama yako au dada yako je? Una kisukari, ugonjwa wa figo, au umebeba mapacha? Majibu yake yaandikwe kwenye kadi siku hiyo hiyo, na yamfikie daktari muda wa aspirini ukiwa bado upo.