Anzia pale ulipokwama

Kila ninapowaambia wanafunzi wangu wa hisabati kwamba nao wanaweza kuchangia programu huria za hisabati, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, jibu huwa lile lile: "Mwalimu, ngoja kwanza nimalize shahada ya pili." Naamini wanakosea, na kosa hilo linaniuma kwa sababu linatunyima watu.

Chukua SymPy, maktaba ya lugha ya programu ya Python inayofanya aljebra kwa herufi na alama, si kwa desimali peke yake. Ondřej Čertík aliianzisha mwaka 2005. Mwaka 2009 akaingia Aaron Meurer, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, akafanyia kazi sehemu ya kutatua milinganyo diferensheli. Mwanzoni mwa 2011 akakabidhiwa uongozi wa mradi mzima. Hakungoja kwanza awe bingwa.

Mara yangu ya kwanza kuitumia niliandika sqrt(x**2), yaani kipeuo cha pili cha mraba wa x, nikitarajia x. Ikanirudishia sqrt(x**2) vile vile. Nikajua nimenasa hitilafu, nikaanza hata kuandika ripoti. Bahati nzuri nikafungua kwanza maelezo ya sqrt, nikakuta imeandikwa waziwazi kwamba haifupishwi kuwa x. Weka −3 uone: mraba wake ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, siyo −3. Ukiiambia tangu mwanzo kwamba x ni chanya, inakupa x. Ukiiambia ni namba halisi tu, inakupa Abs(x), yaani x iliyovuliwa alama ya kutoa. Usipoiambia kitu, inachukulia kwamba x inaweza kuwa hata namba changamano, basi inaiacha ilivyo. Nimefundisha vipeuo miaka mingi, na jioni ile nilifundishwa mimi.

Shahada yangu niliisoma kwa programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, ikizunguka bwenini kwa flashi. Ilitoa majibu, nasi tukayanakili. Hakuna aliyeweza kuifungua ndani aone jibu limepatikanaje. Kwa somo linalodai uthibitisho kwa kila hatua, naona ile ilikuwa hasara kubwa kuliko hata ule wizi wenyewe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni yale maelezo ya sqrt. Mstari kama ule huandikwa kwa sababu kuna mtu aliwahi kukwama hapo. Mkongwe wa mradi hapaoni tena, amepita mara elfu. Mgeni ndiye anayepaona, na anapaona kwa siku chache tu. Akishazoea, hata yeye hatakumbuka alipotelea wapi. Kwa hiyo ukikwama leo, andika leo: uliandika nini, ulitarajia nini, kikatoka nini, kwenye toleo gani. Hiyo ni ripoti kamili, na ndiyo mchango wa kwanza ninaoupendekeza kwa yeyote.

Wala mtu asidhani kuandika maelezo ni kazi ya pembeni. Mifano yenye alama >>> ndani ya maelezo huendeshwa na kompyuta mtu anapopendekeza badiliko, na jibu likitofautiana na lililoandikwa, jaribio linaanguka. SageMath, programu nyingine huria ya hisabati aliyoianzisha William Stein mwaka 2005, inataka kila funksheni mpya iwe na mifano ya namna hiyo. Ukiongeza mfano mmoja ulio sahihi, umeweka mlinzi atakayebaki pale hata ukishaondoka.

SageMath naipenda sana, ila simshauri anayeanza aanzie huko. Kuijenga kutoka kwenye msimbo wake hula saa nyingi kwenye laptopu ya kawaida, na bando nalo linakwisha. SymPy ni Python tupu, na kikubwa inachotegemea ni mpmath, maktaba nyingine ya Python. Anayependa nadharia ya makundi ataikuta programu ya GAP, iliyoanzia Aachen, Ujerumani, mwaka 1986. Na hapa kwetu, Chuo Kikuu cha Maseno nchini Kenya kinatumia STACK, mfumo huria wa mazoezi yanayojisahihisha, ambao hukokotoa kwa Maxima, programu huria ya aljebra. Mwalimu anayejua wanafunzi wake hukosea wapi ana mengi ya kuchangia huko bila kuwa mtaalamu wa kuandika programu.

Hatua za GitHub, tovuti ambako michango hii hutumwa na kuhakikiwa, utazizoea ndani ya wiki moja. Nitaje moja tu inayowatisha wageni wa SymPy: mara ya kwanza jina lako lazima liongezwe kwenye faili la .mailmap, lenye orodha ya majina na barua pepe za wachangiaji, la sivyo ukaguzi utaonyesha alama nyekundu hata kama hisabati yako haina dosari. Na wahakiki huandika kwa mkato. Sisi tumezoea salamu kwanza, kisha samahani, kisha ndipo shida; wao huanza moja kwa moja na kosa lililo kwenye mstari wa 42 wa msimbo wako. Usione umetukanwa. Wengi ni watu wa kujitolea, wanasoma kazi yako usiku baada ya kazi zao. Kwa sababu hiyo hiyo, nakusihi usiwatumie msimbo ulioandikiwa na akili mnemba ambao wewe mwenyewe huwezi kuueleza.

Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili alinijia na daftari. Ameandika (x + 1)**2 == x**2 + 2*x + 1, SymPy ikamjibu False. Nikamweleza kwamba pale == hulinganisha umbo la maandishi ya hisabati, hailinganishi thamani, nikamwonyesha ukurasa unaosema hivyo. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza swali la pili ambalo sikuwa na jibu lake. Nimemwomba aliandike kabla hajalizoea. Jumamosi tutakaa tuyapekue maelezo, na kama mstari unaolijibu swali hilo haupo, atauandika yeye.