Jezi ya 1988 Iliponimeza

Kwa kuwa swahiba wangu ameshaisambaza ile video ya miye nilivyonaswa ndani ya jezi kwenye bonanza letu la mpira, tena kaikata mbele na nyuma akabakiza pabaya tu, naomba na miye nisikilizwe. Kwanza, sikulia. Ile sauti ni chafya. Pili, mkasi haukutoka kwa mama lishe, ulitoka kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Tatu, na hili ndilo linaloniuma: nani katengeneza stika? Mama yangu mzazi kanitumia stika yangu mwenyewe, mikono juu, tumbo nje, akimaanisha "amina". Nimemwambia mama, huyu ni mwanao. Kajibu kwa stika ileile.

Haya. Wa Tanga mnajua bonanza lilikuwa la nini. Wa mbali nawadokezea kidogo, maana bila hivyo mtaniona mwendawazimu bure. Mwaka 1988 Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walibeba ubingwa wa Ligi ya Bara. Mwaka huohuo African Sports, Wana Kimanumanu, wakabeba wa Muungano. Mji mmoja, mabingwa wawili, Simba na Yanga wametoa macho. Nyie mliozaliwa na king'amuzi mkononi hamjui: enzi hizo vinara wa Bara walikuwa wakikutana na vinara wa Zanzibar kwenye Ligi ya Muungano. Sasa pale kijiweni kwetu Ngamiani swali halijafungwa mpaka leo: bingwa halali wa 88 ni nani? Wa Coastal wanasema ligi ni ile ndefu, mengine sherehe. Wa Sports wanasema Bara bila visiwa ni nusu ya nchi. Wazee wameozeshana watoto, wamezikana, na bado hawajakubaliana. Ukipita muda wa kahawa ya alasiri, usiulize. Nunua kashata yako uende.

Na baada ya hapo? Msinikumbushe. Kombe la Bara limekuwa la Simba na Yanga, ukiacha Mtibwa walipolichukua 1999 na 2000, na Azam 2014. Sisi mwaka 2016 tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, yaani Coastal, Sports na Mgambo, na zikashuka zote tatu kwa mpigo, utadhani zimekata tiketi ya basi moja. Coastal wakarudi. Mwaka 2022 kocha Juma Mgunda akatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, dhidi ya Yanga. Mshambuliaji wetu Sopu kafunga matatu peke yake, matatu, na bado tumetolewa kwa penalti. Mwaka 2024 tukaenda michuano ya klabu za Afrika, tukapigwa tatu bila kule Angola. Ndiyo maana watu wa Tanga ukituamsha usingizini ukatuuliza tarehe, tunataja 1988. Miye mwenyewe mwaka huo sikuwa nimezaliwa, lakini nimesimuliwa mpaka nina kumbukumbu zangu binafsi.

Msimuliaji mkuu ni mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye wakati huo alikuwa kibarua bandarini. Mjomba anakusimulia kila goli, mpira ulipotokea, winga alivyomlaza beki, kipa alivyobaki kapiga magoti. Ukimuuliza, "Mjomba, ulikuwepo uwanjani?" anakwambia alikuwa zamu, alisikiliza Radio Tanzania. Bara hakukuwa na televisheni. Lakini anasimulia na rangi ya soksi.

Na mjomba ana jezi.

Jezi hiyo kwetu ni amana. Inakaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, imefungwa kwenye khanga, na karafuu na nafutalini za kuua kila mdudu aliyeumbwa. Nyekundu, ina kola, kitambaa chake ni ile nailoni ya zamani isiyojua kuvutika. Mgongoni kuna namba 8 nyeupe, ya kitambaa, imeshonwa kwa cherehani, na tundu la juu la hiyo nane ni dogo kuliko la chini, mshono wake umepinda kidogo kama aliyeshona alikuwa anaongea. Mjomba anasema alipewa na mchezaji usiku wa ubingwa. Mchezaji gani? Hapo inategemea mwaka unaouliza. Nilipokuwa mdogo alikuwa kiungo. Nilipooa alishakuwa mshambuliaji. Jina hataji, anasema ni siri ya wanaume wawili.

Basi limekuja bonanza la vitambi, wana wa Coastal na wana wa Sports, kumaliza ubishi wa 88 kwa miguu. Nani wa kuomba jezi? Nikaenda na maandazi na kilo mbili za sukari. Mjomba kafungua sanduku, kaishika mabegani, kaitazama, kanitazama miye, akarudi kuitazama jezi. Akasema, "Mjomba, jezi hii haijawahi kufungwa. Weye usiende kuitia mkosi." Kuhusu saizi hakusema kitu. Nimelifikiria sana hilo. Macho yake yalipita tumboni mwangu taratibu kabisa na mdomo ukafungwa.

Nisingeijaribu nyumbani, maana mke wangu angesema. Nikaamua nitavaa hukohuko uwanjani, nyuma ya mwembe, mambo yaishe. (Wadau mnaoandika "lakini si ungepima kwanza", asanteni, nimewasikia wote.)

Nyuma ya mwembe jasho lilikuwa limeshaniloa. Nikaingiza mikono yote miwili, nikainua juu, nikaingiza kichwa. Kichwa kikafika nusu kikagoma, kola imenikamata kwenye paji la uso. Viwiko vimebanwa ndani ya mikono ya jezi. Nikavuta chini, haiji. Nikavuta juu, haitoki. Nailoni ikikutana na jasho inakuwa na msimamo. Ndani mule ni wekundu mtupu na harufu ya karafuu, nasikia pumzi zangu tu.

Nikamwita swahiba. Badala ya kuvuta jezi, akaniambia, "Mgeni rasmi kashuka kwenye gari, twende mstarini." Nikamwambia siwezi, sioni. Akasema, "Utaonekana weye, inatosha." Nahodha naye kapita huko anapiga kelele kwamba mchezaji asiyekaguliwa hachezi. Wakaniongoza. Ndugu zangu, nimevuka nusu ya uwanja mikono juu, kichwa ndani, tumbo likitangulia kuwasalimia watu.

Sasa hapa naomba twende polepole, maana video ya swahiba haina kipande hiki.

Niko mstarini. Nasikia MC anataja majina, nasikia viatu vya mtu vinasogea, vile vyenye kisigino, ko, ko, kwenye udongo mgumu. Nikajua mgeni rasmi ni mwanamke. Hakuna aliyeniambia mgeni rasmi ni mwanamke! Harufu ya udi ikaniingia hata ndani ya nafutalini. Viatu vikasimama mbele yangu. Kimya. Nahodha akajikohoza, akasema, "Huyu ni namba nane wetu, mheshimiwa."

Nikasema, "Shikamoo." Kutokea ndani ya jezi.

Akasema, "Marahaba." Halafu akakaa kidogo. Nadhani alikuwa anatafuta mkono wa kushika, na mikono yangu yote ipo angani. Mwishowe akanigonga kwa kiganja hapa, juu kidogo ya kitovu, mara mbili, taratibu, akasema, "Pole, baba." Akapita.

Hapo ningeweza kufa nikiwa na heshima yangu. Lakini MC akashika tena kipaza sauti, akasema sasa tusimame dakika moja, tuwakumbuke wachezaji na mashabiki wa 88 waliotangulia mbele ya haki.

Uwanja mzima kimya. Unasikia bendera. Unasikia kunguru mmoja juu ya mwembe. Na miye ndani ya karafuu na nafutalini za miaka yote ile nikaanza kuhisi kitu kinatekenya puani.

Nilipambana. Mungu shahidi, nilipambana. Nilibana pumzi, nikauma ulimi, nikasoma nilichokuwa nakijua. Ikarudi. Nikadhani imekwisha. Ikaja yote.

Chafya ya kwanza, kwapa la kulia likasema *traa*. Katika kimya kile, *traa* ilifika mpaka kwenye viti vya wageni. Nikasikia mtoto mmoja kacheka, akafinywa. Chafya ya pili, mgongo. Hiyo ilikuwa ndefu, ilianza mabegani ikashuka kwa hatua. Na sasa kuna jambo sijawaambia: lastiki ya bukta yangu ilikuwa imeshachoka, na siku zote bukta ile naishikilia kwa mkono. Mkono upo wapi? Angani. Chafya ya tatu ikaondoka na bukta. Haikuanguka yote! Ilishuka mpaka kwenye nyonga ikajifikiria. Swahiba aliyekuwa nyuma yangu akaona aibu ya timu nzima, akaidaka kwa mikono miwili, akaishikilia hapohapo huku kichwa kainamisha kwa heshima ya marehemu. Ndiyo ile picha mnayoisambaza. Anayeshika ni huyohuyo anayesema leo kwamba alikuwa mbali.

Kutoka kwenye viti vya plastiki nikasikia sauti ninayoijua tangu utotoni. Mjomba kasimama, dakika ya kimya haijaisha, kapiga kelele:

"Jezi yangu!"

Siyo "mpwa wangu". Siyo "mwokoeni huyo". Jezi.

Hapo dakika ya kimya ikafa rasmi. Kacheka kunguru, kacheka MC kwenye kipaza sauti kilicho wazi, na nimeambiwa mgeni rasmi aliinamia mkoba wake kutafuta kitu kwa muda mrefu sana na hakukipata.

Mengine ni mafupi. Dada wa huduma ya kwanza kanikata kwa mkasi kuanzia kwapa lililokwisha chanika, nikatoka nje nikiwa na alama ya kola kwenye paji la uso ambayo mpaka leo haijafutika vizuri. Sikucheza. Nilikaa kwenye benchi na kizibao cha mazoezi kilichonifika kifuani. Sports wakatufunga nne moja, na goli letu moja lilifungwa na beki wao. Wakaimba kwamba sasa imethibitika bingwa wa 88 ni nani. Mjomba alirudi nyumbani kwa bajaji nyingine.

Jana nikaipeleka jezi kwa fundi cherehani pale sokoni, nikambembeleza airudishe ilivyokuwa, mshono kwa mshono, hela si tatizo. Fundi kaigeuza, kaivuta, akasema ile namba nayo imeachia upande, bora aifumue aishone upya. Akafumua. Chini ya ile nane, kwenye nailoni nyekundu ambayo haijapigwa na jua, kulikuwa na alama nyeusi zaidi ya namba nyingine, imeshonwa ikatolewa. Tatu. Ile nane ilikuwa imewekwa juu ya tatu, na kitambaa cha nane, fundi kasema na miye nimeona kwa macho yangu, ni kipande cha shuka.

Nikasema huu ndio mwisho wangu. Nikaipeleka ilivyo, nikamwonyesha mjomba hiyo tatu, nikasubiri. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Akavaa miwani. Akapitisha kidole juu ya ile alama, mara moja, mara ya pili. Akanywa kahawa.

"Ehe," akasema. "Nilikuwa nimesahau. Yule bwana alikuwa beki."

Akaniambia nikae. Kuna mpira mmoja, ati, yule beki aliutoa kwenye mstari wa goli, dakika ya mwisho, hajawahi kunisimulia.