Kibali cha inverta nyumbani: tutazame bodi ya umeme, tuache kuhesabu wati

Fundi umeme mwenye leseni na mwenye nyumba aliyetoka kununua inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha vyombo vya nyumbani, hawalioni suala la kibali kwa jicho moja. Wa kwanza anataka kila mfumo wa umeme wa akiba uombewe kibali kabla haujafungwa. Wa pili anauliza: betri yangu, nyumba yangu, hela yangu, kibali cha nini tena? Wote wana hoja, ila nadhani wanagombania kipimo kisicho chenyewe: ukubwa wa mfumo kwa wati.

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hapa Tanzania uliwafanya watu wengi wa kawaida waanze kuulizia inverta. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024, mgao ulipungua. Lakini hapa Mbeya umeme hukatika pia kwa mambo ambayo megawati 2,115 za bwawa hilo la Rufiji haziyatibu: tawi la mkaratusi lililolalia laini, radi za msimu wa mvua, nguzo iliyooza chini. Kwa hiyo mwenye saluni Kabwe bado ananunua, na mwenye friji la samaki mtaa wa Soweto bado anavuta kamba ya jenereta.

Sheria haijakaa kimya. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 na kanuni zake, kazi ya kufunga umeme ni ya mtu mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na leseni hizo zina madaraja. Anayetaka kuingiza ziada ya sola yake kwenye gridi ana kanuni zake za mwaka 2018 na lazima aingie mkataba na shirika la umeme, TANESCO. Aliyebaki katikati ni huyu wa inverta moja na betri moja, asiyemuuzia mtu hata uniti. Sheria inambana fundi wake. Mfumo wenyewe unaongezwa wakati TANESCO walishaunganisha nyumba na kuondoka, na ni nadra mtu kurudi kuutazama.

Hoja nzito ya wanaotaka kibali haina uhusiano na ukubwa wa betri. Ni ule waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Ncha moja inaingia kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya sebuleni, na nyumba nzima inawaka bila kununua chenjiova, swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa TANESCO kwenda wa akiba. Mwenye nyumba akisahau kuzima mein swichi, volti 230 zinapita kwenye mita na kutoka nje hadi kwenye transfoma. Transfoma haijui kama inapandisha au inashusha. Ile inayoshusha volti 11,000 au 33,000 kuja mtaani, ukiilisha kutoka chini inazirudisha juu, kwenye laini ambayo fundi wa TANESCO ameambiwa haina umeme.

Wabishi hujibu kwamba jenereta ndogo haiwezi kuubeba mtaa, itazimika papo hapo. Mara nyingi ni kweli. Lakini umeme ukikatika kwa sababu waya umekatikia nguzo ya pili kutoka kwako, hakuna mtaa wa kubeba. Ni jenereta yako, kipande cha waya, na mtu aliyepanda kuuunga. Hapo haizimiki.

Inverta nyingi za kisasa zina swichi ya ndani inayojitenga na gridi umeme ukikatika, na wauzaji huisifia sana. Sawa, lakini swichi hiyo inasaidia ikiwa fundi ameunganisha inavyotakiwa. Nimeona chenjiova inayokata waya wa moto peke yake, nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imeachwa imeungana na ya nje. Nimeona pia inverta isiyo na ethi (waya wa kwenda ardhini) ya maana, hivyo ikiwa kwenye betri, ile swichi ya kukata umeme unapovuja haiwezi kutegemewa. Taa zinawaka vizuri tu, kwa hiyo mwenye nyumba hana habari.

Sasa upande wa pili, ambao mafundi wenye leseni huupita haraka mno, labda kwa kuwa kibali kingewaletea kazi. Kuunganishiwa umeme mjini, nyumba isiyohitaji nguzo, ni shilingi 320,960, na mtu aliyelipa hizo, akanunua inverta na betri ya lithiamu, ukimwongezea ada na wiki tatu za kusubiri sahihi, atamwita kishoka, fundi wa mtaani asiye na leseni. Kishoka atakuja usiku, atafunga, atapokea chake na kuondoka bila jina wala risiti. Afrika Kusini imelionja hili. Jiji la Cape Town linataka idhini hata kwa betri na inverta isiyopeleka umeme nje, mradi imeungwa kwenye waya za nyumba, ila makali ya mgao wa 2022 na 2023 yaliwafanya wengi wafunge kwanza, karatasi baadaye.

Halafu kuna hatari ambazo kibali hakizigusi kabisa. Julai hapa kwetu madirisha yanafungwa kwa baridi, na jenereta iliyokaguliwa ikiwa uani inasogezwa verandani isiibwe. Moshi wake unaua bila kujali stempu ya nani ilipigwa siku ya ukaguzi. Betri za asidi chini ya kitanda ni hivyo hivyo, zikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka.

Ndiyo maana kigezo cha wati sikikubali. Sanduku la betri linalokaa sakafuni na kuchomekewa televisheni na ruta halihitaji ruhusa ya mtu, liwe na wati 300 au 2,000. Kinachogusa bodi ya umeme ya nyumba, kile kisanduku cha swichi, ni habari nyingine, hata kikiwa kidogo. Hicho kifungwe na mwenye leseni, kiwe na chenjiova inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kisha TANESCO wapewe taarifa. Taarifa, si maombi, na ije baada ya kazi. Maombi ya kuunganishiwa umeme tayari yanafanyika kwa NIKONEKTI, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, na sioni ugumu wa kuongeza ukurasa mmoja. Stika yenye namba ya leseni ya fundi ibandikwe kwenye mita, ili aliyekuja na ngazi ajue nyumba ipi ina chanzo cha pili na nani wa kuulizwa.

Udhaifu wa mpango huu naujua: kishoka hana leseni ya kupoteza. Lakini hata kibali hakimkamati, na stika walau inamwezesha mwenye nyumba kudai kitu ambacho kishoka hawezi kumpa.

Wapangaji ndio wagumu. Nyumba nyingi za Ilomba na Isanga zina vyumba sita kwenye mita moja ya LUKU, na wa chumba cha nne akiingiza inverta kwenye waya za nyumba anawaunganisha watano wengine bila kuwauliza. Huyo abaki na sanduku lake la sakafuni. Akitaka zaidi amfuate mwenye nyumba, kwa sababu bodi ni ya mwenye nyumba, na taarifa ya TANESCO iende kwa jina lake.