Kazi nzito winguni: mashine kubwa umalize mapema, au ndogo uanze taratibu?

Agosti 2006, Amazon ilipofungua kwa majaribio EC2, huduma yake ya kukodisha kompyuta kwa njia ya mtandao (ndilo “wingu”), mteja hakuwa na cha kuchagua. Saizi ilikuwa moja na bei moja, senti 10 za Marekani kwa saa. Leo anayetaka kukodi mashine pepe anakutana na mamia ya majina ya mtindo wa c7i.4xlarge na Standard_F16s_v2, na wengi hushika njia ile ile ya mkato: wanachukua bei ya saa, wanaigawa kwa idadi ya vCPU (prosesa pepe), wanachagua iliyotoka nafuu. Kwa tovuti ya kawaida njia hiyo haina madhara makubwa. Kwa kazi zinazokula prosesa saa nzima bila kupumzika, kama uigaji wa mtiririko wa hewa na maji, kurenda picha, kukompaili programu kubwa au kugeuza video, ndiyo inayozaa bili za kushangaza.

Kwenye saizi, wanaoendesha kazi hizi wana kambi mbili. Wa kwanza husema chukua kubwa, maliza mapema, zima. Wa pili husema anza na ndogo, panda ikikuelemea. Kambi ya pili ndiyo inayosifiwa kwa busara, na hapo nina mashaka. Kuanza na ndogo ni busara kwa seva inayosubiri wageni, kwa sababu hujui watakuja wangapi. Kazi ya kukokotoa haisubiri mtu. Ina mwanzo na mwisho, na unachonunua ni huo mwisho.

Nguvu ya kambi ya kwanza iko kwenye namna bei zilivyopangwa. Ndani ya familia moja, yaani mashine za aina moja zinazotofautiana ukubwa tu, bei hupanda sawasawa na ukubwa: c7i.4xlarge ina vCPU 16 na RAM ya GB 32, c7i.8xlarge ina vCPU 32 na GB 64, na bei yake ni mara mbili. Kwa hiyo kazi ikienda kasi maradufu, bili haibadiliki hata senti, na majibu unayapata kwa nusu ya muda. Zamani kulikuwa na kasoro moja, kwamba saa iliyoanza ililipiwa nzima, hivyo dakika 61 zilihesabiwa kama saa mbili. Tangu Oktoba 2017 Amazon inatoza mashine za Linux kwa sekunde, na kiwango cha chini ni sekunde 60. Kumaliza mapema sasa ni kuacha kulipa mapema.

Tatizo ni hilo neno “ikienda”. Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta Gene Amdahl alionyesha kwamba sehemu ya kazi isiyogawanyika ndiyo inayoweka kikomo cha kasi, hata ukiongeza vichakataji vingi kiasi gani. Tuchukue programu ambayo 95% ya kazi yake inagawanyika na 5% lazima ifanywe hatua kwa hatua. Kwenye viini 16 (kiini ni sehemu ya prosesa inayokokotoa yenyewe) itakwenda mara 9.1 ya kiini kimoja, kwenye viini 32 mara 12.5, kwenye 64 mara 15.4, na haitavuka 20 kamwe. Iweke kwenye bili sasa. Kazi iliyochukua saa 10 kwenye viini 16 itachukua kama saa 7 na dakika 20 kwenye 32, na utalipa karibu mara moja na nusu. Kwenye 64 itakwisha chini kidogo ya saa 6, kwa bili ya karibu mara 2.4. Asilimia tano tu ndiyo iliyofanya hayo yote.

Hapo wabana matumizi wa kambi ya pili hupiga makofi, lakini hesabu yao nayo imeacha kitu nje. Mara nyingi mashine si gharama kubwa kuliko zote. Programu nyingi za uhandisi hulipiwa leseni ghali, na kuna timu ambayo haiwezi kusogea mpaka majibu yatoke. Kama majibu yanaamua muundo utakaotengenezwa kesho asubuhi, kulipa mara 2.4 ili kuokoa saa nne si anasa. Kama ni ripoti itakayosomwa Jumatatu na kazi imeanzishwa Ijumaa jioni, mashine kubwa haina kazi hapo. Swali la saizi mara nyingi ni swali la nani anasubiri, na mwenye jibu si fundi wa mifumo.

Kuna jambo ambalo kambi zote mbili hulipita haraka mno: vCPU yenyewe ni nini. Kwenye mashine nyingi za Intel, vCPU moja si kiini kamili cha prosesa. Ni uzi mmoja kati ya nyuzi mbili zinazotumia kiini kimoja, kwa teknolojia ambayo Intel huiita Hyper-Threading. Hivyo c7i.4xlarge yenye vCPU 16 ina viini halisi vinane. Lakini c7g.4xlarge, inayotumia prosesa ya Graviton ya Amazon wenyewe, ina vCPU 16 ambazo ni viini 16 kamili. Kadhalika c7a.4xlarge ya AMD, maana kwenye familia hiyo vCPU moja ni kiini kimoja. Namba ni ile ile, 16, mashine tatu tofauti kabisa. Ukigawanya bei kwa vCPU hapo, umelinganisha vitu visivyolingana.

Nyuzi mbili kwenye kiini kimoja ni kama mafundi wawili wanaogawana msumeno mmoja. Mmoja akipima na kuchora, mwenzake anakata, na kazi inasonga. Wote wakiwa na kazi ya kukata tu, wanapanga foleni. Programu inayosubirisubiri data kutoka kwenye kumbukumbu hunufaika na uzi wa pili. Programu ya hesabu za desimali iliyonolewa vizuri, ambayo haikiachi kiini kipumue, hupata faida kidogo au haipati kabisa, na wakati mwingine nyuzi za ziada huirudisha nyuma. Ndiyo maana jaribio la kwanza ningependekeza kwa kazi ya namna hii halihitaji hata kubadili mashine: iendeshe kwa nyuzi 16 kwenye mashine ya vCPU 16, kisha iendeshe kwa nyuzi nane, moja kwa kila kiini. Kwa programu zinazotumia OpenMP, mfumo wa kugawa kazi kwa nyuzi, ni suala la kubadili OMP_NUM_THREADS, na kuhakikisha nyuzi hizo nane hazijabanana kwenye viini vinne. Muda ukitoka sawa, umejua kwamba nusu ya vCPU unazolipia hazikuongezei kitu, na mashine ya viini kamili inastahili kujaribiwa kabla ya ile kubwa zaidi.

Viini vikishapatikana, kuna foleni nyingine, ya kumbukumbu. Simaanishi ukubwa wa RAM, bali kasi ambayo RAM inaweza kuvilisha viini data. Uigaji wa mtiririko wa hewa ni mfano mzuri wa kazi ambayo viini huishia kukodoa macho vikisubiri data ifike. Microsoft inalijua hili, na ushahidi uko kwenye familia ya HBv3 ya Azure, wingu lake. Mashine kamili ina viini 120 vya AMD EPYC, RAM ya GB 448 na mtandao wa InfiniBand wa gigabiti 200 kwa sekunde. Mashine hiyo hiyo inapatikana pia ikiwa na viini 96, 64, 32 au 16, RAM ile ile, mtandao ule ule, na bei haipungui. Ukiitazama juujuu ni biashara ya kichaa: nani alipie 120 achukue 32? Anayelipia leseni kwa idadi ya viini, na ambaye programu yake huishiwa na kasi ya kumbukumbu kabla ya kuishiwa na viini. Kila kiini kilichobaki kinapata fungu kubwa zaidi la kumbukumbu na la kashe (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa), na leseni inashuka. Kwa mtu huyo, kununua viini zaidi ni kununua foleni ndefu zaidi.

Turudi kwa mashine ndogo. Udhaifu wao wa kwanza ni majirani. Saizi ndogo hukaa kwenye kompyuta moja na wateja wengine, na hata pale viini vinapokuwa vyako peke yako, kashe ya pamoja na njia ya kumbukumbu mnagawana. Kazi ile ile inaweza kuchukua muda tofauti leo na kesho bila wewe kugusa chochote. Saizi inayochukua kompyuta nzima haina kero hiyo, na kwa anayelinganisha matoleo mawili ya programu yake, uthabiti huo una thamani ambayo haionekani kwenye orodha ya bei.

Udhaifu wa pili ni ule wa familia za nguvu ya mkopo, kama T za Amazon na B za Azure, na hapa msemo wa rahisi ghali unakaa mahali pake. Mashine ya t2.medium ina vCPU mbili, lakini kiwango chake cha kudumu ni 20% ya kila moja. Juu ya hapo inatumia salio, yaani akiba ya muda wa prosesa. Ikiwashwa hupewa salio la kuanzia, kwa hiyo kwa dakika thelathini na kitu inakimbia kama farasi, kisha inashuka hadi sehemu ya tano ya nguvu hiyo na kubaki hapo. Dirisha la amri kwenye Linux litakuambia, ukijua pa kutazama: andika top, tafuta herufi st. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi lakini haikupewa prosesa. Ikipanda na kung’ang’ania juu, programu yako haina kosa. T3, kizazi kilichofuata, kwa kawaida haishuki hivyo, ila inakutoza ziada kwa kila dakika ya kuzidisha, na ikikimbia mchana na usiku bili yake inaweza kupita ya mashine ya familia ya C, ile ya akina c7i. Kwa kazi ya kukokotoa, familia hizi sizioni kama chaguo la bei nafuu. Sizioni kama chaguo.

Ila mashine ndogo zikiwa nyingi, hadithi hubadilika. Kazi ikiwa imegawanyika vipande visivyotegemeana, tuseme fremu elfu za filamu ya katuni, sheria ya Amdahl haiumi sana, na mashine nyingi za vCPU nane zinaweza kuishinda kubwa moja. Hapo ndipo Spot, yaani mashine za akiba zinazouzwa kwa punguzo linaloweza kufika 90%, zinapofaa. Amazon inakupa onyo la dakika mbili kabla ya kukunyang’anya, Azure na Google sekunde 30. Ukipoteza fremu moja, unairudia. Ukipoteza mashine moja kubwa iliyokuwa saa ya tisa ya uigaji usiohifadhi hatua zake, umepoteza saa tisa.

Namna ya kuamua ni kupima kipande cha kazi yako halisi kwenye saizi mbili tatu, kisha kuzidisha bei ya saa kwa muda uliotumika. Hiyo ndiyo bei ya kazi iliyokwisha, na ndiyo pekee inayolinganishika. Mitego ni miwili. Data ya majaribio ikiwa ndogo itaenea yote kwenye kashe, nawe utaona kasi ambayo data yako kamili haitaiona. Na jaribio fupi kwenye mashine ya salio linapima salio tu.

Kwenye mikataba ya kukodi kwa mwaka mmoja au mitatu ndipo ninapohamia kambi ya wabana matumizi. Punguzo lake ni zuri na linavutia kulisaini mapema. Lakini kazi ya uigaji inayoamka siku nne kwa mwezi hailipi mkataba unaohesabu kila saa ya mwaka, na ahadi iliyofungwa kwenye familia moja inakuacha nayo hata kizazi kipya cha prosesa kinapotoka.