Usimwambie, yuko misheni

Jumapili iliyopita mama mmoja, jirani yetu hapa Igombe, Mwanza, alikuja kwangu na simu mkononi. Mwanawe yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati na kikosi chetu cha kulinda amani. Shangazi wa huyo kijana, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili, alikuwa amezikwa Ijumaa.

"Baba Neema, wewe ulishakwenda misheni," akaniambia. "Wazee wa ukoo wanasema tusimwambie mpaka arudi. Yuko misheni, atachanganyikiwa. Wewe unaonaje?"

Nikamjibu palepale: mwambieni. Naandika haya kwa sababu najua kikao kama hicho kinakaliwa katika nyumba nyingi, na karibu kila mara uamuzi ni uleule. Mtoto yuko mbali, ameshika bunduki, asiambiwe. Wanaoamua hivyo wanafanya kwa upendo, sina shaka. Lakini mimi nimekuwa huyo mtoto asiyeambiwa, na nataka niwaeleze ilivyo.

Nilikuwa Congo Mashariki, upande wa Beni, mwaka 2017 hadi 2018. Brigedi yetu iliundwa Machi 2013 kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, ikakusanya wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Habari za mapigano wapo wanaoweza kuzieleza vizuri kuliko mimi. Mimi nazungumzia kitu ambacho sisi askari tunaona aibu kukitaja: kukumbuka nyumbani.

Mchana una kazi zake. Kuna doria, kuna kusafisha silaha, kuna foleni ya mesi. Hata Kiswahili kipo, maana kule ndiyo lugha yao pia, na hapo ndipo panapouma. Mnapita na gari karibu na soko, unasikia mama anamwambia mteja "aksanti mingi, papa", moyo unaruka kwanza, halafu unakumbuka kwamba hapa si Kirumba ya Mwanza. Mwenzangu mmoja wa Sengerema alikuja na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwenye mfuko wa nailoni, akawa anatugawia kipande kimoja kimoja. Unakiweka mdomoni kikiwa kigumu kama gome, unakiacha kilainike chenyewe, na wakati wote huo hakuna anayeongea.

Usiku ndio wenye kazi nzito. Lindoni unakuwa na giza, mvua na masikio yako. Mimi nilikuwa na mwezi. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, na mtu wa ziwani hahitaji kalenda. Dagaa huvuliwa gizani, taa ndiyo inayowavuta. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haina nguvu tena, mitumbwi inapandishwa mchangani na wavuvi wanalala na familia zao. Basi nikiwa lindoni natazama juu, najua. Mwezi umejaa: baba yuko nyumbani, ameketi mlangoni anashona nyavu. Hakuna mwezi: yuko majini, na ukisimama pwani ya Igombe unaona taa zao zimejipanga kama mji mwingine upande wa pili. Ilikuwa ndiyo njia yangu ya kuwa nyumbani bila ruhusa ya mtu.

Jumamosi moja ya Machi 2018 nilipata mtandao nikapiga simu kwa baba. Huku kwetu ilikuwa saa mbili usiku. Kule saa iko nyuma kwa saa moja. Akapokea mama. Nyuma yake nikasikia mabenchi yakiburutwa, sufuria kubwa ikigongwa, sauti za wanawake wengi zikiwa chini chini.

"Ni wageni," mama akasema. "Kikao cha mahari ya dada yako."

"Baba yuko wapi?"

"Ameingia kulala."

Lakini ilikuwa giza. Mwezi ulikuwa haupo kabisa, na siku kama hizo hakuna mvuvi wa dagaa anayelala nyumbani saa mbili usiku. Na nyumba yenye mahari ina kicheko. Nilisikia turubai likipigwa na upepo wa ziwa, na sisi turubai tunalijua. Nikaomba niongee na mke wangu; naye akasema mtoto amelala, hajambo, huku salama, usijali.

Zamu yangu ya lindo ilianza saa sita. Nikaanza na baba, kwa kuwa simu ni yake na hakuipokea. Nikamlilia kimya kimya. Halafu nikafikiri, kama ni baba, mbona mama sauti yake haikukatika? Basi ni bibi. Nikamlilia bibi. Halafu ikanijia Neema, wakati ule ana miaka mitatu, na jinsi mke wangu alivyoharakisha kusema amelala. Hapo sikulia. Nilishika ukuta wa viroba vya mchanga nikasikia mikono imekufa ganzi. Usiku mmoja nilizika watu watatu, wote wakiwa hai.

Niliwabana kwa siku tisa. Siku ya tisa mke wangu akasema: ni baba mkubwa.

Nikashusha pumzi. Nikasema, "Ahsante Mungu." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Baba mkubwa ndiye aliyenifundisha kuogelea kwa kunishika tumbo kwa kiganja, ndiye aliyeuza mashine ya mtumbwi wake ili nimalize kidato cha nne. Na mimi habari ya kifo chake niliipokea kwa kushukuru, kwa sababu nilikuwa nimeshawazika wengine. Watu wangu walitaka kuniepusha na huzuni, huzuni nikaipata mara tatu, na ile moja iliyokuwa haki ya baba mkubwa ndiyo niliyoikosa. Miaka imepita na bado nikifika kaburini kwake nasimama kama mtu aliyechelewa.

Najua pingamizi. Mtu ana silaha, yuko mahali pa hatari, habari mbaya inaweza kumpotezea umakini. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi mpigie simu usiku umwambie umkatie. Anzia kwenye kikosi alichotoka huku nyumbani, wao wanajua njia ya kumfikia mkubwa wake. Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake tukiwa Congo. Aliitwa asubuhi, baada ya chai, sisi tunaolala naye hema moja tukiwa tumeambiwa tukae karibu. Lindo lake tuligawana kwa wiki nzima. Kofia ikazunguka, tukachanga rambirambi. Jioni tukawasha moto mdogo nje ya hema, tukakaa matanga, mmoja akaimba pambio, wengine tukakaa tu. Alilia sana. Na alipoacha kulia, alikuwa ameacha kweli.

Nisiwalaumu wa nyumbani peke yao. Sisi nasi tunadanganya. Nilikuwa namwambia mama kila wiki kwamba tulipo ni kimya, kazi yetu kulinda tu magari. Alhamisi ya Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki ikashambuliwa, na kesho yake redio zikatangaza kwamba wanajeshi wa Tanzania 14 wameuawa. Mama akasikia akiwa anaanika dagaa. Mimi nilikuwa kambi nyingine, ila yeye angejuaje? Nilimpata Jumapili. Alisikia sauti yangu, akampa baba simu, akatoka nje. Hakuniamini tena kwa neno "kimya", na alikuwa na haki.

Baba alikohoa, akasema: "Mbalamwezi inaisha. Keshokutwa tunashusha mitumbwi."

Basi. Na usiku ule ndio nilipolala usingizi wa kweli tangu Alhamisi. Wenye mtu misheni, hebu likumbukeni hilo. "Huku salama, usijali" haimpi mtu chochote. Mwambie bati la jikoni linavuja. Mwambie bei ya dagaa soko la Mwaloni imeshuka, mbuzi wa jirani amekula mboga, mtoto ameng'oka jino na amelificha chini ya kopo. Mgombane kidogo kuhusu ada. Akiwa na neno la kusema juu ya bati, bado ni wa hiyo nyumba. Na kwa walio na watu Afrika ya Kati, kule saa iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Anayepiga saa mbili usiku kwake, kwenu ni saa nne, watoto wamelala. Siku moja tu kwa wiki muwaache wakeshe.

Jirani yangu alinisikiliza. Jumatatu tulikwenda pamoja kikosini, tukapokelewa vizuri, na habari ikafika kwa wakubwa wa kijana. Jumatano jioni akapiga mwenyewe. Nilikuwa nimekaa kwao ukumbini, mama yake akaweka sauti kubwa kwa sababu mkono ulikuwa unamtetemeka.

Kwa muda mrefu hakusema kitu. Halafu akauliza, "Shangazi mmemzika wapi?"

"Nyuma ya nyumba yake, karibu na ule mwembe. Kichwa kimeelekea ziwani."

"Mvua imenyesha?"

"Imenyesha jana."

"Kaburi halijatitia?"

Mama akanitazama. "Limetitia kidogo, upande wa miguu."

"Ongezeni udongo, mama."

"Haya baba. Kesho asubuhi tutaongeza."