Caithness: Anza na Mahali, Jina Lifuate

Wengi wanaotaka kukusanya majina ya mahali ya kaunti nzima huanza na orodha ya alfabeti, kisha hujaza maana ya kila jina pembeni. Kwa maoni yangu, kazi huharibika hapo hapo. Tuchukue Caithness, kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Uskoti bara. Ukiandika "Lybster" mara moja tu chini ya herufi L, umeshachanganya mambo. Iko Lybster ya parokia ya Latheron, kijiji chenye bandari ya uvuvi pwani ya mashariki, na iko Lybster ya parokia ya Reay, pwani ya kaskazini, jirani na magofu ya kanisa la Crosskirk. Hiyo ya Latheron nayo ina mtego wake: kijiji kilianzishwa mwaka 1802 juu ya ardhi iliyokwisha kuwa na jina hilo. Hati ya miaka ya 1600 ikitaja Lybster, inazungumzia shamba, si kijiji. Stemster nayo inajirudia katika parokia zaidi ya moja.

Ndiyo maana nasema tengeneza majedwali mawili. La kwanza ni la mahali: namba ya kudumu, parokia, aina (shamba, kijito, kilima, rasi) na namba za gridi, yaani herufi na tarakimu zinazoonyesha mahali kwenye ramani za Uingereza. La pili ni la majina: kila mara jina linapotajwa kwenye chanzo lipate mstari wake, tahajia ileile bila kusahihishwa, mwaka, chanzo na ukurasa, pamoja na namba ya mahali kutoka jedwali la kwanza. Mahali pamoja panaweza kuwa na mistari thelathini ya majina, na hakuna ubaya.

Namba za gridi ndizo zinazoponza wengi. Mawe ya kale ya Achavanich yako ND 187 417. ND ni mraba wenye upande wa kilomita 100. Kutoka kona yake ya kusini-magharibi unakwenda kilomita 18.7 mashariki, halafu 41.7 kaskazini. Tarakimu sita hukufikisha ndani ya mita 100, na hizo zinamtosha anayeandika shamba. Ukigeuza mafungu hayo mawili, mawe yanahamia baharini. Ukisahau herufi, hujui hata uko upande gani wa Uingereza. Kwa hiyo chora nukta zote kwenye ramani kila ukimaliza parokia. Zilizoangukia majini zitajitaja zenyewe.

Kwa nini parokia, wakati leo eneo lote liko chini ya Halmashauri ya Highland? Kwa sababu vyanzo vilipangwa hivyo. Caithness ilikoma kuwa kaunti ya utawala mwaka 1975, ikawa wilaya, na tangu 1996 hata wilaya hiyo haipo. Parokia zake kumi ndizo utakazozikuta kwenye sensa, rejista na hati za ardhi. Ila nazo ziwekewe tarehe: sehemu ya Reay ilikuwa ndani ya kaunti jirani ya Sutherland hadi marekebisho ya mipaka ya 1891.

Chanzo cha kuanzia ni madaftari ya majina ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ambayo kwa Caithness yaliandikwa 1871 hadi 1873. Kila ukurasa una jina lililokubaliwa, tahajia nyingine, watu waliozithibitisha, na maelezo mafupi ya mahali. Nakili safu zote, hasa ya mashahidi. Mara nyingi ni mchungaji, mwalimu na msimamizi wa ardhi ya kabaila. Mkulima mdogo aliyelitamka jina hilo kila siku huonekana kwa nadra. Tahajia iliyokataliwa inaweza kuwa karibu zaidi na matamshi ya wenyeji kuliko ile iliyochapishwa.

Kwenye ramani za zamani jihadhari na ushahidi wa kurithi. Timothy Pont, aliyewahi kuwa mchungaji wa parokia ya Dunnet, alichora ramani zake mwishoni mwa karne ya 16. Atlasi ya Blaeu ya 1654, iliyochapishwa Amsterdam, ilitegemea kazi yake. Hao si mashahidi wawili. Isitoshe, wachongaji wa Kiholanzi wa mabamba ya ramani hawakujua Kigaeli, lugha ya Kiselti ya Uskoti, na n na u zilibadilishana nafasi kwa urahisi.

Kuhusu lugha, sipendi safu moja ya "asili". Majina ya -ster, kama Scrabster na Thrumster, ni ya Kinorwe cha kale. Ya Ach-, kama Achavanich, ni ya Kigaeli. Jina la Kigaeli kwenye kibao cha barabarani, jambo linalobishaniwa Caithness, liandikwe na mwaka wake kama jina lingine lolote. Usilirudishe nyuma miaka 500 kwa kuwa linapendeza, wala usilifute kwa kuwa linakuudhi.

Majina usiyojua yalipo yape namba pia, acha gridi wazi, kisha andika jina lililotangulia na lililofuata kwenye hati hiyo. Orodha za kodi mara nyingi zilikwenda shamba kwa shamba, kwa hiyo majirani wawili wakishapatikana, wa katikati hubanwa kwenye eneo dogo.