Rangi ya ngozi darasa la awali: isemwe au inyamaziwe?

Wako walimu wa awali wanaoshikilia kwamba mtoto wa miaka minne hajali rangi ya mwenzake, na ukimwonyesha ndipo unapomfundisha kubagua. Hofu hiyo ina msingi. Darasani pakiwa na watoto arobaini weusi na mmoja mwenye ualbino, somo lililoandaliwa vibaya humfanya huyo mmoja kuwa kielelezo, na wakati wa mapumziko huzungukwa.

Lakini kimya nacho hufundisha. Nchini Marekani, miaka ya 1940, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka mitatu hadi saba wanasesere weusi na weupe. Wengi walisema mzuri ni mweupe. Kwetu mtoto husikia mapema mno "mweupe, mzuri huyo!", tena huona ni nani anayechaguliwa kumvisha mgeni shada la maua.

Kwa hiyo rangi isemwe, ila somo lianzie kwenye mikono ya wote. Wagawe watoto sita sita, kila kundi lipate rangi za maji kwenye vizibo vya soda: njano, nyekundu, buluu na nyeupe. Anzeni na njano mafungu mawili, nyekundu fungu moja, kisha buluu tone kwa tone hadi itokee kahawia. Kosa la kawaida ni kukimbilia rangi nyeusi ili kukoza; mchanganyiko huwa wa kijivujivu. Buluu ikizidi, rudisha kwa nyekundu. Nyeupe ni ya kufifisha kahawia; ikizidi rangi hupauka, ongeza njano. Mtoto apake kwenye kipande cha karatasi, kikauke, akiweke kando ya mkono wake alinganishe.

Kisha ageuze kiganja. Mtoto mmoja, rangi mbili! Hapo mweleze kwamba kila ngozi ina chembe zinazotengeneza melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi rangi; tofauti ni hasa kiasi chake. Mwenye ualbino hupata kidogo sana au hapati kabisa.

Wazazi wa mtoto huyo waulizwe kabla ya somo. Kazi ifanyike kivulini, akae mbele akiupa mgongo mwanga wa dirisha, aachwe asogeze karatasi karibu na macho, kwa kuwa uoni wake ni hafifu. Akikataa kulinganisha mkono, asilazimishwe.

Picha zikibandikwa ukutani zichanganywe. Ukizipanga kutoka nyeupe kwenda nyeusi, watoto wataona ni wa kwanza hadi wa mwisho.